Bukoba ya leo ilikuwa Rutabo, na Rulenge ndo ilikuwa Bukoba: tulifumue fundo hili

Kwenye ukoo wetu kuna kadi ya ubatizo ya babu mmoja, ya mwaka 1957, na pale juu imeandikwa Jimbo la Rutabo. Kijana mmoja akaipiga picha akairusha kwenye grupu la familia, akauliza hivi jimbo hili liko wapi, mbona kwenye orodha ya majimbo Katoliki Tanzania silioni? Basi hapo ikawa kelele siku nzima. Mmoja anasema Rutabo ni parokia tu pale Muleba, karani alikosea, mwingine anasema kadi ya kughushi hiyo, shangazi yeye akasema nyamazeni, Rutabo ilikuwa na askofu wake na huyo askofu akawa kardinali, watoto hamjui kitu. Shangazi alikuwa sahihi asilimia mia ila hakuna aliyemwelewa, maana historia ya jimbo la Bukoba imekaa kama uzi uliochezewa na paka.

Ukimuuliza mtu jimbo la Bukoba lilianza lini utapewa 1892, mwingine atakwambia 1929, mwingine 1951, mwingine 1953, na yupo wa 1960. Wote wana haki, sema kila mtu anahesabu kitu tofauti. Kuna siku injili ilipofika, kuna siku ambayo Roma ilichora mpaka, kuna siku eneo lilipopewa hadhi ya jimbo kamili, afu kuna siku jina liliposhuka juu ya eneo hilo. Sehemu nyingine hizi siku zinafuatana vizuri kama ngazi. Bukoba zilipishana, na mara moja jina liliruka kutoka kwa mmoja likaenda kwa mwingine.

Tuanze mbali kidogo. Mapadre Weupe, shirika alilolianzisha Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walitua Bagamoyo mwaka 1878 wakapanda bara na msafara. Mbele ya safari wakagawanyika, kundi moja likaenda ziwa Tanganyika, jingine likashika njia ya Nyanza. Hawa wa Nyanza hawakuwa na mpango na Wahaya kabisa, macho yao yalikuwa Buganda kwa Kabaka Mutesa. Padre Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapera kwa kulisikia neno la Kifaransa la kumwita padre wakaligeuza kwa ndimi zao, alifika na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879. Roma nayo haikuchelewa, 1883 eneo lote la kuzunguka ziwa likawa Vikariati ya Kitume ya Victoria Nyanza.

Hapa lazima nisimame nieleze vikariati ni nini, maana bila hilo mbele utapotea. Jimbo kamili lina askofu wake mwenye kiti chake, anaongoza kwa mamlaka ya kiti hicho. Vikariati ni eneo la misheni ambalo mwenyewe hasa ni Papa, na anayeliongoza anaitwa vikari, yaani mwakilishi wake. Vikari anawekwa wakfu uaskofu kama kawaida, ila kwa sababu hana kiti chake anapewa jina la jimbo la kale lililokufa, mara nyingi mji wa zamani wa Afrika Kaskazini au Asia Ndogo ambao leo hauna hata Mkristo. Kwa hiyo ukiona askofu wa zamani anaitwa askofu wa mji usioujua na huku alikuwa anaishi Bukoba, usishangae, ni utaratibu tu.

Sasa Buhaya inaingiaje? Inaingia kwa vita ya watu wengine. Januari 1892 pale Mengo, makao ya Kabaka, Waganda Wakatoliki waliokuwa wanaitwa Wafransa walipigana na wenzao Waprotestanti waliokuwa wanaitwa Waingereza, na Lugard, kapteni wa Kiingereza, akawasaidia hao wa pili kwa bunduki yake ya Maxim. Wakatoliki wakashindwa. Askofu Jean-Joseph Hirth, aliyekuwa vikari wa Nyanza, akakimbia na watu wake kuelekea kusini, akavuka kuingia upande wa Wajerumani, ambao miaka miwili tu nyuma Emin Pasha alikuwa amewajengea kituo pale Bukoba. Mwaka huohuo wa 1892 misheni ya Kashozi ikaanzishwa, kaskazini ya mji. Ndo mama wa parokia zote za Bukoba. Ukisikia jubilei ya ukristo kule kwetu jua hesabu inaanzia Kashozi.

Kwa hiyo kanisa la Bukoba kwa asili ni kanisa la wakimbizi. Makatekista wa mwanzo wengi walikuwa Waganda, ndo maana wazee wetu walisali na kuimba kwa maneno mengi yenye harufu ya Kiganda, na ndo maana mpaka leo mwezi wa sita mabasi yanajaa mahujaji wa Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, siyo utalii ule, ni kama kwenda nyumbani kwa babu.

Mwaka 1894 Roma ikaikata vikariati ile kubwa. Uganda upande wake, na huku kusini ikabaki Nyanza ya Kusini, chini ya Hirth. Na usidhani ilikuwa ndogo. Ilikuwa na Bukoba, Mwanza, Ukerewe, na ilipofika 1900 Hirth akaenda mpaka kwenye ikulu ya mfalme wa Rwanda akapata ruhusa, misheni ya Save ikafunguliwa Februari mwaka huo. Yaani kwa miaka kadhaa kanisa la Rwanda lilikuwa chini ya mtu mmoja na kanisa la Bukoba, na vijana wa kwanza wa Rwanda waliotaka upadre walitembea kwa miguu mpaka Rubya. Mwaka 1912 ndo Rwanda ikatolewa ikaingia kwenye Vikariati mpya ya Kivu, Hirth akahamia huko, na huku akabaki Askofu Joseph Sweens.

Rubya siwezi kuipita haraka. Seminari ilianza 1904, kwenye vilima vya Ihangiro, na watu wengi wanaijua kwa ukali wa masomo tu. Lakini tarehe 15 Agosti 1917 pale Rubya walipata daraja mapadre wanne Waafrika, wa kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania: Oscar Kyakaraba na Wilbard Mupapi wa Bukoba, Angelo Mwirabule na Celestine Kipanda wa Ukerewe. Fikiria mazingira, vita kuu ya kwanza inaendelea, Mjerumani ameshafurushwa Bukoba mwaka uliopita, Mwingereza ndo kwanza anaweka meza, chakula shida, na katikati ya hayo watu wanamaliza Kilatini na teolojia na kupewa daraja. Mwaka 2017 Kanisa zima la Tanzania liliposherehekea miaka 100 ya upadre, tarehe waliyoisherehekea ni hiyo ya Rubya. Na hili la mapadre wazalendo ndo ufunguo wa fundo letu, likumbuke.

1929, tarehe 10 Aprili, mkato mwingine. Mwanza ikawa vikariati yake, na upande wa magharibi wa ziwa ukapewa jina jipya: Vikariati ya Bukoba. Hapa ndo jina Bukoba linaingia kwa mara ya kwanza kwenye vitabu vya Roma kama jina la eneo la kikanisa. Eneo lenyewe ni karibu mkoa mzima wa Kagera wa leo, kuanzia Kiziba kule mpakani mpaka Ngara na Biharamulo. Askofu akawa Burchard Huwiler, Mswisi, na baada yake Tétrault kutoka Kanada. Miaka hiyo kahawa ilikuwa inalipa, na kanisa likawa linakua kwa kasi ambayo wamisionari wenyewe walikuwa wanakimbizana nayo, kigango kinazaa kigango, shule ya chini ya mti inakuwa shule ya matofali.

Haya, sasa tufike kwenye fundo lenyewe.

Mwaka 1951 Vikariati ya Bukoba ilikuwa na kitu ambacho vikariati nyingi Afrika hazikuwa nacho, mapadre wazalendo wa kutosha. Roma ilishajaribu jambo hili Masaka, Uganda, 1939, ilipomfanya Joseph Kiwanuka kuwa askofu na kumpa eneo lenye mapadre Waafrika watupu. Likafanikiwa. Basi tarehe 13 Desemba 1951 wakafanya kitu kilekile kwetu, wakamega kipande cha Buhaya kutoka Vikariati ya Bukoba, wakakiita Vikariati ya Kagera ya Chini, na wakamkabidhi padre kijana mwenye umri wa miaka 39 aliyekuwa ndo kwanza amemaliza udaktari wa sheria za kanisa Roma. Jina lake Laurean Rugambwa. Tarehe 10 Februari 1952 akawekwa wakfu, askofu wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika, na jina la kale alilopewa lilikuwa Febiana. Makao yake yakawa Rutabo.

Eneo kubwa lililobaki liliendelea kuitwa Bukoba, likaendelea kuwa chini ya Mapadre Weupe, na askofu wake akawa Lanctôt. Kwa hiyo kuanzia hapo Wahaya Wakatoliki wana maaskofu wawili, Mzungu wa Bukoba na Mwafrika wa Rutabo. Jinsi mtu alivyolichukulia jambo hilo ilitegemea alikuwa anakaa upande gani wa mpaka, na nimesikia wazee wakibishana kwa utani kuhusu hilo miaka sitini baadaye.

25 Machi 1953 Roma ikatangaza hierakia ya Tanganyika, yaani vikariati zote zikapanda kuwa majimbo kamili, Dar es Salaam na Tabora zikawa majimbo makuu. Siku hiyo moja Bukoba ikawa Jimbo la Bukoba, na Kagera ya Chini ikawa, eeh, Jimbo la Rutabo. Hapo sasa kadi ya babu imeshapata maelezo yake. 1957 alibatizwa ndani ya jimbo halali kabisa lililokuwa na askofu, kiti na mipaka. Karani hakukosea na hakuna aliyeghushi kitu.

Afu ikaja 1960. Tarehe 28 Machi Papa Yohane XXIII akamfanya Rugambwa kuwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi. Dunia nzima inauliza huyu ni askofu wa wapi, jibu ni Rutabo, kijiji cha migomba ambacho ukikitafuta kwenye ramani za wakati ule unahitaji miwani. Siwezi kusema kwamba hiyo ndo sababu, ila miezi mitatu haikuisha, tarehe 21 Juni 1960 mpango mzima ukapangwa upya. Mipaka ikachorwa tena, Buhaya pamoja na mji wa Bukoba ikawa chini ya Rugambwa, na jimbo lake likaacha jina la Rutabo likaitwa Bukoba. Na lile jimbo lililokuwa linaitwa Bukoba? Likasukumwa magharibi, Karagwe, Ngara, Biharamulo, makao yakawa Rulenge, na jina likawa Jimbo la Rulenge. Lanctôt akaenda nalo.

Umeona mchezo? Kwenye vitabu vya Roma jimbo halikufutwa wala jimbo jipya halikuundwa siku ile, majimbo ni yaleyale mawili, yalibadilishwa majina na mipaka tu. Kwa hiyo kwa hesabu ya makaratasi, Jimbo la Bukoba la leo ni mtoto aliyezaliwa 1951 kwa jina la Kagera ya Chini, akabatizwa Rutabo 1953, akachukua jina la mama yake 1960. Na mama mwenyewe, ile Bukoba ya 1929, ndo huyu tunayemwita Rulenge. Mtu wa Ngara akikwambia jimbo letu ni la zamani kuliko lenu usicheke, kisheria ana hoja. Lakini mtu wa Kashozi akikwambia imani ilianzia kwetu 1892 naye ana hoja, kwa sababu Kashozi haijahama, iko palepale, ni karatasi ndo zimetembea juu yake. Mimi binafsi nikilazimishwa kuchagua nitafuata Kashozi, maana parokia ndo mahali watu wanapozaliwa na kuzikwa, jimbo ni kitu cha ofisi. Ila najua wanasheria wa kanisa watanikunjia uso.

Baada ya 1960 mambo ni mepesi kidogo. Rugambwa aliongoza Bukoba mpaka Desemba 1968 akahamishiwa Dar es Salaam kuwa askofu mkuu. Akafuata Placidus Nkalanga, aliyekuwa msaidizi wake, na huyu ana kisa chake, 1973 aliachia uaskofu akaenda kuwa mmonaki Mbenediktini kule Hanga, Ruvuma, akaishi huko maisha marefu ya sala mpaka alipofariki 2015. Ni watu wachache wanaoacha cheo namna ile. Kisha Nestorius Timanywa, 1973 hadi 2013, karibu miaka arobaini, kizazi kizima cha Wahaya hakijui askofu mwingine aliyewapa kipaimara. Desiderius Rwoma akaja kutoka Singida, akastaafu 2022, kukawa na kipindi Methodius Kilaini aliyekuwa askofu msaidizi anashika usukani kama msimamizi wa kitume, na Oktoba 2023 akateuliwa Jovitus Mwijage.

Upande wa Rulenge, alipotoka Lanctôt 1969 akaingia Christopher Mwoleka, na huyo anastahili makala yake mwenyewe. Wakati maaskofu wengi wanaitazama ujamaa kwa jicho la pembeni, yeye alihamia kabisa kijiji cha ujamaa akaishi na wanakijiji, akilima. Sijui ni maaskofu wangapi duniani wamewahi kufanya hivyo. Mwaka 1996 akapokelewa na Severine Niwemugizi ambaye yupo hadi sasa.

Ukuaji wenyewe usiupime kwa idadi ya maaskofu. Upime kwa namna kigango kinavyogeuka parokia. Kigango ni kanisa dogo la kijijini linaloongozwa na katekista, padre anafika mara moja kwa mwezi au zaidi. Waumini wakiongezeka, wakajenga nyumba ya padre, wakaonesha wanaweza kumlisha, askofu anakitangaza parokia, na yenyewe inaanza kuzaa vigango vyake. Chini ya hapo ziko jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi, kumi na tano hivi, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa uzito sana miaka ya sabini. Ukiondoa jumuiya, parokia nyingi za Kagera zingebaki majengo tu. Hospitali nazo zilikua hivyohivyo, Kagondo, Rubya, Mugana, mwanzo zahanati ya masista yenye vitanda viwili vitatu, leo ndo tegemeo la wilaya. Shule ni hadithi yenye uchungu kidogo, maana baada ya Azimio la Arusha serikali ilizitaifisha, Ihungo ya Mapadre Weupe ikawa ya serikali mpaka leo, na ndo ile tetemeko la Septemba 2016 liliiangusha vibaya.

Na eneo hili limepigwa kweli. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mpaka mto Kagera, na pale Kyaka magofu ya kanisa lililopigwa kwenye vita ile yangali yamesimama, ukipita na basi unayaona. Miaka ya themanini ukimwi ulianzia huku kabla sehemu nyingine za nchi hazijajua ni kitu gani. Aprili 1994 Wanyarwanda kama robo milioni walivuka Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakamwagika Ngara, na Rulenge, jimbo la porini lenye mapadre wachache, ghafla likawa na kambi ya Benaco iliyokuwa kubwa kuliko mji wowote wa mkoa. Kanisa lililoanzishwa na wakimbizi wa Mengo likapokea wakimbizi kwa mlango wa nyuma, miaka 102 baadaye.

Mwisho wa mikato, angalau mpaka sasa, ni 14 Agosti 2008. Rulenge ilikuwa ndefu mno, askofu kutoka Rulenge kwenda ncha ya Karagwe ni safari ya kuchosha gari na mtu, basi upande wa Karagwe ukatolewa ukawa Jimbo la Kayanga chini ya Askofu Almachius Rweyongeza, na lililobaki likaitwa Rulenge-Ngara. Kwa hiyo mkoa wa Kagera leo una majimbo matatu, Bukoba, Rulenge-Ngara na Kayanga, na yote yako chini ya kanda ya jimbo kuu la Mwanza, ambayo 1929 walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Kuna swali dogo linaloulizwa sana nalo nilijibu kwenye grupu: Kardinali Rugambwa ni yupi? Maana wako Laurean, tuliyemwona hapo juu, aliyefariki Desemba 1997 akalazwa kwanza Kashozi afu 2012 akahamishiwa kathedrali ya Bukoba ilipomalizika kukarabatiwa. Kuna Protase, askofu mkuu wa Tabora, aliyepewa ukardinali Septemba 2023. Na kuna Novatus, ambaye hakuwa kardinali bali balozi wa Papa, Honduras na baadaye New Zealand. Huyu Protase ndo anayenifurahisha zaidi kwa mada yetu. Alizaliwa Bunena, Bukoba, tarehe 31 Mei 1960, wiki tatu kabla majina hayajabadilishwa, na alipokuja kuwa padre akawa padre wa jimbo la Rulenge. Ukitaka kumweleza mgeni mkanganyiko wote huu kwa kutumia maisha ya mtu mmoja, mtumie yeye.

Sasa kwa wale mnaohangaika kutafuta vyeti vya wazee, iwe kwa ajili ya ndoa au mirathi au pasipoti, msiende kuuliza jimboni kwanza. Vitabu vya ubatizo vinakaa parokiani, na parokia ikigawanyika kitabu cha zamani kinabaki kwa parokia mama. Jina la jimbo lililoandikwa juu lisikutishe, liwe Nyanza ya Kusini, Bukoba, Rutabo au Rulenge, angalia jina la parokia na namba ya kitabu, nenda hapo. Babu yetu tulimpata kwa njia hiyo, kitabu kimeliwa na mchwa pembeni lakini jina lake linasomeka, na chini yake kuna jina la baba yake mlezi wa ubatizo ambalo hakuna mtu kwenye ukoo alikuwa analijua, kwa hiyo grupu limeanza kelele upya.